Mwacheni Kinjeketile awatishe watoto

Eti kitabu cha watoto kisitishe. Nimechoka na kauli hii. Ukitaja mzimu unaambiwa ushirikina. Ukitaja historia unaletewa kijitabu chenye maswali mwisho wa kila sura.

Hebu tuitazame Rufiji. Simulizi za wazee alizozikusanya Gwassa miaka ya 1960 zinasema Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alivutwa na pepo asubuhi moja, akaburuzika kwa tumbo hadi mtoni, ndugu zake wakimng'ang'ania miguu. Akazama. Wakalala ukingoni wakimsubiri. Kesho yake akaibuka mzima, nguo kavu. Nguo kavu, jamani! Na waliomiminika Ngarambe baadaye waliamini watawaona wafu wao huko. Riwaya ya kijana wa miaka 13 imeshaanza hapo: anakwenda kumtafuta bibi yake aliyekufa, na anamwona kweli.

Halafu Agosti 1905 Wajerumani wanamnyonga Kinjeketile kule Mohoro. Vita vinaendelea bila yeye hadi 1907, na njaa inaua kuliko risasi. Kijana wetu anabaki na swali ambalo daftari la historia halimuulizi: kama maji yalikuwa uongo, yule bibi niliyemwona alikuwa nani?

Najua, Ebrahim Hussein alituandikia Kinjeketile mwaka 1969. Tamthilia kubwa, siibishii. Lakini darasani tumeifanya mashine ya kutaja dhamira, na mwanafunzi anatoka hapo bila hata kusisimkwa nywele. Edwin Semzaba naye alimrusha Majaliwa kwa ungo katika Marimba ya Majaliwa, tena kitabu cha watoto. Kuna aliyedhurika?

Sasa mnawakinga watoto na hofu ipi? Aprili 2017 polisi 8 waliuawa Kibiti kwa siku moja, na mauaji yakaendelea. Mtoto wa Ndundu alizisikia habari hizo kwa minong'ono ya wakubwa, akaambiwa akalale. Hofu anayo tayari. Asichokuwa nacho ni hadithi ya kuishikia, yenye mto anaoujua, ule unaopita chini ya Daraja la Mkapa, na giza la mikoko ya kwao.

Wachapishaji, mnasubiri nini? Mtafuteni mwandishi aliyekulia delta, mlipeni vizuri, mwacheni aandike usiku ule wa ukingoni. Na maswali ya mazoezi tafadhali yaondoeni.