Mmea wa Majani Mawili

Katika jangwa la Namib, kando ya bahari huko Angola na Namibia, umo mmea usiopatikana penginepo po pote duniani. Huitwa welwitschia, kwa jina la Bwana Friedrich Welwitsch, mtaalamu wa mimea kutoka Austria aliyeuona mwaka 1859. Maisha yake yote huwa na majani mawili tu ya kudumu, ambayo hayaachi kukua. Upepo huyapasua hata mtu akadhani ni mengi. Mingine imepita miaka 1,000. Mbegu zake hungoja mvua nzuri ndipo ziote, na mvua huko ni haba mno. Basi gari liachalo njia na kuukanyaga laweza kuangamiza kwa dakika moja kitu ambacho wajukuu hawataona badala yake.