Chukua ndoano twende ziwani, lakini tuchague ziwa

Jumamosi ikigonga saa saba mchana, kijana wa Salgaa ana form ngapi? Kukaa kando ya lami akihesabu trela zinazoelekea Malaba. Kubet. Kuangalia mechi kibandani hadi macho yaume. Kijana wa Nakuru mjini naye hana tofauti kubwa, ila yeye huketi kwenye duka la jumla badala ya kituo cha malori.

Sisi tunakupa form nyingine: beba ndoano, ita mbogi, mwende mkavue. Hatusemi uvuvi wa nyavu na mashua, ule ni kazi ya watu na wana familia za kulisha. Tunasema kuvua kwa kujifurahisha, mchana mmoja, ukiwa na mshipi wa nailoni, fimbo ya mwanzi, chubwi kidogo na kipande cha ugali cha chambo. Gharama kubwa ni nauli.

Huko Uingereza, wavuvi wa kujifurahisha waligawana samaki kitabaka. Trauti na samoni walikuwa wa mabwana, waliobaki wakaachiwa wafanyakazi wa viwandani. Wakoloni walituletea mambo hayo hayo. Kuanzia mwaka 1905 trauti walimwagwa katika mito ya Aberdare, na 1929 Ziwa Naivasha likapata samaki wa bass kutoka Marekani ili walowezi wapate mchezo. Leo Naivasha ina karpi, samaki mnene wa kupekua matope, ambaye alianza kuonekana humo mwaka 2001. Huyo hachagui mvuvi. Anakula ugali kama wewe.

Sasa tuongee ukweli. Ukitoka Salgaa, ziwa la kwanza unalofikiria ni Nakuru, kwa sababu liko karibu. Liache. Limekuwa mbuga ya kitaifa tangu 1968, na kuvua ndani ya mbuga bila idhini ni kosa la kukufikisha kortini. Tilapia wadogo waliomo waliletwa zamani kutoka Magadi ili wale viluwiluwi vya mbu, si ili wafike sahani yako. Halafu ziwa hilo halina mto wa kutoka. Maji machafu ya mji yakishaingia, yanabaki humo. Maafisa wamewahi kuonya watu wasile samaki wake, lakini tangu maji yapande na kumeza ua na nyumba za watu, wapo wanaowavua gizani na kuwauza mitaani. Usiwe wewe. Na ukiuziwa samaki wa bei ya kutupa, uliza ametoka wapi.

Kwa hivyo panda matatu hadi Naivasha. Ni mbali kidogo, kama kilomita mia moja, lakini ni kaunti yetu hiyo hiyo ya Nakuru na maji yake ni matamu. Teremkia fukwe za umma kama Karagita au Kamere. Kabla ya kutupa ndoano, tafuta watu wa BMU, yaani kikundi kinachosimamia ufuo, uwasalimie na uwaulize mahali salama. Uliza pia leseni kwa afisa wa uvuvi, kwa sababu sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 inamhusu hata anayevua kwa kujifurahisha. Anayekwambia hayo ni ushamba hatakuwa nawe ukikamatwa.

Jambo la mwisho ndilo zito zaidi: kiboko. Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko akipiga picha kwenye ufuo wa Naivasha. Hakuwa majini. Wavuvi wa hapo wamezika wenzao wengi, na majina yao hayafiki kwenye habari. Kiboko hutoka kula nyasi jua likizama, na humvamia anayesimama kati yake na maji. Kwa hivyo usikae kwenye njia iliyokanyagwa kuelekea ziwani, usiingie kwenye mafunjo, usivue peke yako, na saa kumi na moja jioni kunja mshipi. Hata kama samaki ndio wameanza kula. Hasa kama ndio wameanza kula, kwa sababu hapo ndipo watu hujisahau.

Lakini lawama si za vijana pekee. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaweka maziwa kwenye ardhi ya umma. Nenda basi ukaone: sehemu kubwa ya ufuo wa Naivasha imezibwa na mashamba ya maua, hoteli na nyumba za wenye nazo. Fukwe zilizobaki kwa mwananchi ni za kuhesabu kwa vidole, na watu hujipenyeza mahali pa hatari kwa kuwa pazuri pana geti na mlinzi. Ziwa la umma lisilo na mlango wa umma ni la umma kwa jina tu.

Ndiyo maana tunaiambia serikali ya kaunti: tenga sehemu chache za kuvulia kwa ndoano, weka uzio wa kuzuia viboko, choo, mlinzi mmoja na bango la sheria kwa Kiswahili kinachoeleweka. Leseni ya siku moja ipatikane hapo hapo ufuoni, kwa bei ambayo kijana wa mjengo ataimudu. Huo si mradi wa mabilioni. Kila siku tunahubiriwa tuache pombe na kamari. Basi tupewe mahali pa kwenda tukishaziacha.

Na wewe msomaji, usingoje bango. Mwone mwakilishi wako wa wadi, umuulize swali moja tu: kijana wa kawaida anaingilia wapi kufika kwenye maji yake?