Tarehe Tunajua, Juala Bado Tunabeba

Wasee, tuambiane ukweli. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki lini? Agosti 2017, kila mtahiniwa atakujibu. Gugu maji lilitoka wapi? Amerika Kusini. Alama mbili, safi! Mimi pia nilikremu hivyo, nikapita. Halafu naenda soko la Kibuye, napewa nyanya kwa juala, nanyamaza, nabeba. Nikilitupa, mvua italisukuma mtaroni hadi ziwani. Na pale Dunga kuna mafunjo yanayochuja maji machafu, samaki huzaana humo, hata nzohe hujificha humo. Wangapi tumewahi kufika? Kasuku pia anaweza kutaja tarehe. Kesho ukipewa juala, kataa. Beba kiondo. Huo ndio mtihani, na wengi tunaanguka.