Baba Aliyewekwa Kando

Mchezo ukishakua hutafutiwa baba, na anayetafutwa ni mtu wa heshima zake. Kandanda la Australia kwa miaka mingi lilimtukuza H.C.A. Harrison, aliyesimamia marekebisho ya kanuni mwaka 1866, akaishi mpaka uzeeni bila doa. Binamu yake, Tom Wills, mlevi aliyejiua mwaka 1880 akiwa na miaka 44, hakufaa cheo hicho. Ndiye tunayeanza naye toleo hili la historia ya michezo.

Alizaliwa 1835, akakulia magharibi ya Victoria akicheza na watoto wa Wadjab Wurrung, wenyeji asilia wa huko, na kuzungumza lugha yao. Alipofika miaka 14 baba yake akampeleka shule ya Rugby, Uingereza, na aliporudi alikuwa bingwa wa kriketi. Julai 1858 akaandika gazetini kutaka kiundwe chama cha kandanda, wachezaji wa kriketi wasije wakanyong'onyea majira ya baridi. Mei 1859, katika hoteli moja ya Melbourne, yeye na wenzake wachache wakatunga kanuni kumi, na ule mtindo wa Rugby wa kupigana mateke ya miguuni wakaupiga marufuku. Hakuwa peke yake, basi. Neno “mwanzilishi” lisitumike ovyo.

Baadhi wanadai aliuchota mchezo huo katika marngrook, mpira wa wenyeji asilia. Ni dai tamu, ila maandishi yake hayautaji.

Kuna jambo zito zaidi. Oktoba 1861, huko Cullin-la-ringo, Queensland, wenyeji waliwaua watu 19 wa msafara wa walowezi, baba yake akiwemo. Tom aliponea kwa kuwa alikuwa ametumwa kuchukua vifaa. Walowezi na polisi walilipiza kwa kuua wenyeji wengi kupita hao. Na bado, Desemba 1866, Wills huyohuyo aliiongoza timu ya kriketi ya wenyeji asilia katika uwanja wa kriketi wa Melbourne (MCG). Mwaka 2021 likafukuliwa gazeti la kale la Chicago lililodai kwamba alijigamba kushiriki kisasi kile, na wanahistoria wangali wanabishana juu yake.

Wapo watakaoona 1866 inafuta 1861. Sisi hatuoni hivyo, wala hatukubali kumhukumu kwa gazeti moja. Anayetaka kumtetea Wills katika kurasa zetu aanzie Queensland, sio kwenye sanamu yake ya shaba nje ya MCG.