Mpira wa Keria Nusura Unitoboe Jicho

Wiki hii mapenzi tuyaweke pembeni kidogo, tuongee mpira. Si wa Simba na Yanga, hapana! Nasema ule wa kufungia mzigo kwenye keria.

Juzi Jumamosi, siku ya soko Tengeru, maza kanipa matenga mawili ya nyanya nimpelekee. Nikaazima pikipiki ya mshikaji hapa Kikwe, nikachukua mpira uliokuwa umeanikwa juani tangu kiangazi, nikauvuta kwa nguvu zote huku nimeuinamia. Ndoano ikachomoka. Paa! Ikanipiga juu ya nyusi, damu chapachapa, tenga moja likamwagika.

Nikajua leo nimekwisha. Kumbe maza hata nyanya hakuziangalia. Alinishika kichwa, akasema, "Nyanya zitaota tena, jicho haliotagi." Jamani, nililia kama mtoto.

Basi nikaenda kwa fundi wa baiskeli, mzee wa siku nyingi, akanipa shule. Mpira, hasa ule wa kukata kwenye tyubu, ukunje kwanza kabla ya kuutumia. Ukiona vipasuko vidogovidogo, tupa. Jua linaua mpira, mafuta na petroli navyo vinaua. Pili, usichague mfupi. Ukiuvuta mpaka mwisho, ukiponyoka unakurudishia nguvu zote ulizoupa. Tatu, usiupitishe kwenye chuma chenye makali. Nne, unapovuta, uso kaa nao pembeni. Na mzigo mzito anza na kamba, mpira uje juu yake. Nyanya zikishindiliwa na mashimo ya barabara, kamba inalegea, lakini mpira unazifuata.

Msidhani hii ni habari ya sisi wa vumbi tu. Huko Marekani, tangu miaka ya 1950, kuna watu wanarusha vijiroketi vya karatasi ngumu kwa kujifurahisha. Kikifika juu, baruti kidogo inalipuka ndani, pua inachomoka na parachuti inatoka. Pua na mwili vinashikwa pamoja na nini? Mpira! Ukiwa mfupi, pua inarudi kwa kasi na kupasua mwili. Kwa hiyo wengi wanaupa urefu mara mbili au tatu ya mwili wenyewe. Ncha yake wanaikunjia kwenye kikaratasi chenye gundi, wanaibandika ndani, chini kidogo ya mdomo ili pua ipate nafasi ya kuingia. Na kila wakitaka kurusha wanaukagua, maana moto wa baruti unaula taratibu.

Umeona? Roketi na keria, sheria ni moja: mrefu, mzima, umefungwa vizuri.

Masela wa bodaboda, kesho asubuhi kabla hujapakia, kunja mpira wako uuangalie. Mimi kovu ninalo, wewe usilitafute.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!