Kihariri na Matawi Vifundishwe Pamoja

Katika shule na vyuo vyetu imekuwa desturi kumfundisha mwanafunzi kuandika programu za kompyuta kwa muhula mzima, ndipo aelezwe kwa haraka, karibu na mitihani, namna ya kutunza matoleo ya kazi yake. Kihariri, yaani programu ya kuandikia na kusahihishia matini, huhesabiwa kuwa somo la siku ya kwanza. Matawi huhesabiwa kuwa mambo ya wakubwa. Mimi naona utaratibu huu una kasoro, tena kasoro yenye madhara.

Yafaa kwanza ieleweke tawi ni kitu gani. Mwaka 1972 Marc Rochkind, mtaalamu wa Bell Labs nchini Marekani, alitunga SCCS, mojawapo ya programu za mwanzo za kutunza kila badiliko la matini. Mwaka 1982 Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akaeleza yake, RCS. Katika programu hizo aliyetaka kusahihisha faili aliifunga kwanza, na wenzake wakangoja. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, haina kungojana kwa namna hiyo. Kila hatua inayowekwa rasmi hupewa utambulisho wake, kwa kawaida wa tarakimu na herufi 40, na tawi si kitu kingine ila jina linaloelekeza kwenye utambulisho mmoja kama huo. Ndiyo maana kufungua tawi jipya ni kazi ya kufumba na kufumbua. Mwanafunzi anayetaka kujaribu kanuni mpya ya kukokotoa wastani hufungua tawi, akaharibu apendavyo, na yaliyowekwa rasmi katika tawi kuu yakabaki salama.

Hayo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Mtu anapofungua faili, kihariri huisoma kutoka diskini na kuweka nakala yake katika kumbukumbu ya kompyuta. Anachokiona kiooni na kukisahihisha ni nakala hiyo, si faili yenyewe, mpaka atakapohifadhi. Git, kwa upande wake, hutazama diski tu. Ikiamriwa kuhamia tawi jingine, huzibadili faili za diskini zifanane na tawi hilo. Ikikuta diskini masahihisho ambayo hayajawekwa rasmi na ambayo yangefutwa kwa kuhama huko, hukataa. Lakini maneno yaliyomo katika kihariri pasipo kuhifadhiwa, hayo haiyajui kabisa. Basi mtu huweza kuwa amekwisha kuhamia tawi kuu huku kioo kikimwonyesha matini ya tawi la jaribio; akihifadhi, matini ile hufunika faili ya tawi kuu.

Jambo hili nililijifunza kwa aibu. Wanafunzi wangu wawili walifanya mradi mmoja kwa kompyuta moja, kila mmoja na tawi lake. Siku moja kabla ya kuuonyesha, kanuni sahihi iliyokuwa katika tawi kuu ilionekana imeondolewa na mahali pake pamewekwa ile ya majaribio. Kumbukumbu za Git zilionyesha jina la kijana mmojawapo, na saa aliyofanya. Alikana kwamba aliibadili kanuni ile. Mimi nilizishika kumbukumbu kama hakimu ashikavyo hati, nikampunguzia alama. Mwenzake naye akaacha kusema naye. Baada ya matokeo kupitishwa alinijia ofisini, akafungua kompyuta, akarudia mbele yangu yale aliyoyafanya: faili ilikuwa wazi katika kihariri, akahama tawi kwa dirisha jingine, akarudi, akahifadhi. Kumbukumbu hazikusema uongo. Zilisema nani aliweka nini na lini. Hazikuweza kusema kwamba yeye alidhani yuko tawi jingine. Alama zilisahihishwa hatimaye. Urafiki wao, nijuavyo, haukurudi.

Vihariri vizuri hutoa onyo. Vim na Emacs humwarifu mtumiaji kwamba faili imebadilika diskini, lakini mwanafunzi ambaye hakufundishwa maana ya onyo hilo huliondoa kama mtu afukuzaye nzi. Tena katika Vim, hata baada ya faili kusomwa upya, kutengua huweza kurudisha maneno ya tawi lililoachwa. Kwa hiyo kabla ya kuhama, hifadhi na uweke rasmi. Baada ya kuhama, isome upya kila faili iliyo wazi. Kihariri kipangwe kionyeshe jina la tawi wakati wote. Anayelazimika kushughulikia matawi mawili kwa siku moja atumie amri ya worktree, iliyoongezwa katika Git mwaka 2015, ambayo hulipa kila tawi folda yake.

Wako walimu wenzangu wasemao kwamba haya ni mzigo kwa kidato cha tatu, na kwamba yatosha mwanafunzi kuwa na nakala zinazoitwa mradi, mradi mpya, mradi wa mwisho, mradi wa mwisho kabisa. Nimesahihisha kazi za namna hiyo kwa miaka mingi, na mara nyingine mwenyewe alishindwa kuniambia ipi ndiyo ya mwisho. Hoja ya ukosefu wa intaneti nayo haina nguvu, maana Git hutunza historia yote ndani ya folda ya mradi, na folda hiyo huweza kuchukuliwa katika diski ndogo ya mfukoni.

Siku hizi, katika kipindi changu cha kwanza, huwaamuru wanafunzi kulitenda kosa lile kwa makusudi. Huandika mstari katika tawi moja, wakahama bila kuhifadhi, wakahifadhi, kisha wakatafuta mstari wao umeangukia wapi. Kazi hiyo huchukua kama robo saa, na wengi hucheka.