Udongo Uwahi Ungali Maji

Ukifika Matema siku ya Jumamosi utawakuta akina mama wa Kikisi wamepanga vyungu vyao gulioni. Vingi vimeletwa kwa mtumbwi kutoka Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya Ziwa Nyasa na Milima ya Livingstone. Mnunuzi mzoefu haanzi na bei. Hukiinua chungu, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Kikilia, ni kizima. Kikikoroma, kina ufa.

Elimu ya kufinyanga chungu kizima imeandikwa wapi? Rafuni haimo. Imo vidoleni mwa mama anayejua udongo upi uchimbwe, ukandwe hadi lini, na chungu kianikwe siku ngapi kabla ya kuchomwa. Siku akifariki, anakwenda nayo.

Tangu Mwalimu Nyerere afungue Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, tarehe 9 Desemba 1967, tumezoea kuiona maktaba ya umma kuwa nyumba ya vitabu na ukimya. Si vibaya. Lakini kazi ya maktaba ni kutunza maarifa, na maarifa hayakuanza na karatasi. Basi maktaba zetu, kuanzia ile ya mkoa pale Mbeya, zitenge alasiri moja kila wiki: mfinyanzi aje na udongo wake, msuka mikeka na ukindu wake, watoto wakae chini wafundishwe.

Wapo watakaosema tope litachafua vitabu. Kwani uani hakuna kivuli, wala ndoo ya maji ya kunawa? Wengine watauliza, mbona wasijifunzie nyumbani? Nyumbani hufundishwa binti wa mfinyanzi peke yake. Mlango wa maktaba uko wazi hata kwa mtoto wa mvuvi na wa mkulima wa mpunga. Tena, wenzake wakifinyanga, mtoto mmoja akae kando na daftari, aandike kila hatua kwa Kikisi na kwa Kiswahili. Mwaka ukiisha, maktaba itakuwa na kitabu kilichozaliwa humo humo.

Ila mama alipwe. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Tusimwite mwalimu kisha tukamrudisha Ikombe na asante tupu.

Enyi wazazi, wakutubi na madiwani, bibi zetu wangali hai na mikono yao ingali na nguvu. Udongo uwahi ungali maji. Ukishakauka, tutabaki kugonga vigae.